"Sijala, nimekunywa uji tu": shajara ya mradi wa kuutazama uji tumboni

Jumatatu, wiki ya 1

Mradi huu umeanzia kwenye jibu la mgonjwa. Mwezi uliopita mama mmoja wa makamo aliletwa chumba cha upasuaji asubuhi kwa ajili ya henia. Daktari wetu wa usingizi alimwamkia, akamshika mkono, akamuuliza: "Mama, tangu jana usiku umekula chochote?"

"Sijala, mwanangu. Waliniambia nisile, na sikula."

Fomu ikatiwa alama ya vema. Mama alikuwa ameshalala mezani, sindano ya maji iko mkononi, ndipo binti yake aliyesimama mlangoni akasema kwa sauti ya chini, "Ila saa kumi na mbili alikunywa uji, kikombe kimoja." Mama akageuza shingo. "Uji si nimekunywa? Kula sijala."

Hakudanganya. Kwa lugha yetu uji hunywewa kama maji na chai, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba kwa daktari wa usingizi uji ni chakula. Upasuaji ulisogezwa hadi alasiri, mama akashinda na njaa, na orodha nzima ya siku ikavurugika. Sote tulijua kwamba lile neno moja la binti huenda ndilo lililomwokoa. Mtu akipewa dawa ya usingizi misuli yake hulegea, kilichomo kwenye mfuko wa chakula kinaweza kupanda hadi kooni, na kikiingia mapafuni hakuna kikohozi cha kukitoa. Amepaliwa, na hana habari.

Mimi kazi yangu ni picha. Nina miaka kumi na moja nimeshika probu ya ultrasaundi, kile kifaa cha mkononi kinachotoa picha kwa mawimbi ya sauti: mimba, ini, figo, nyongo. Katika miaka yote hiyo mfuko wa chakula ulikuwa kwangu kitu cha kukwepa, maana gesi yake inaziba kongosho. Siku ile daktari wa usingizi alikuja ofisini kwangu akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Kikombe cha uji kinakaa tumboni muda gani, na je, unaweza kunionyesha?"

Jumatano, wiki ya 1

Kamati ya maadili ya hospitali imeturuhusu kuanza na sisi wenyewe. Tuko watumishi sita tuliojitolea, wazima, asiye na kisukari wala ujauzito hata mmoja. Kisukari cha muda mrefu huharibu neva za mfuko wa chakula na kuuchelewesha kumwaga, kwa hiyo wagonjwa wa kisukari watahitaji kazi yao wenyewe baadaye. Hili la sasa ni jaribio la njia tu: tunataka kujua kama mashine yetu na mikono yetu inaweza kupima kitu hiki kwa uhakika. Kabla ya kumgusa mgonjwa hata mmoja itabidi tuandike andiko kamili na kulipeleka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu hapa Tanzania.

Vinywaji ni vitatu, kila kimoja mililita 300, na kila mmoja wetu atavinywa kwa siku tofauti:

Chai ya rangi, sukari gramu 10. Kilokalori 40.

Uji mwepesi wa sembe: unga gramu 30, sukari gramu 15. Kilokalori 170 hivi.

Uji mzito wa lishe, wa ulezi, mahindi, soya na karanga: unga gramu 45, sukari gramu 15. Karibu kilokalori 250.

Nimeupima unga kwa mizani ya maabara. Mama wa jikoni, ambaye amewapikia wagonjwa uji miaka mingi kuliko niliyofanya mimi kazi hapa, aliitazama mizani, akachota unga kwa kiganja, akamwaga juu ya sahani. Gramu 31.

Ijumaa, wiki ya 1

Leo tumejifunza kuitafuta picha. Mfuko wa chakula una sehemu ya juu iliyo pana, inayotanuka kupokea chakula bila kupandisha shinikizo, na sehemu ya chini nyembamba inayosaga. Hii ya chini inaitwa antramu, na ndiyo tunayoifuata sisi, kwa sababu iko karibu na ngozi, haina gesi nyingi, na kilichomo tumboni huteremkia huko mtu akilala ubavu wa kulia.

Njia yenyewe: probu iliyopinda, ya megahezi 2 hadi 5, inasimamishwa wima chini kidogo ya chembe ya moyo. Unalitafuta ini, pande lake la kushoto, linatokea upande mmoja wa picha. Nyuma yake kongosho. Nyuma zaidi aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, inapiga. Kati ya ini na kongosho kuna kiduara. Hicho ndicho.

Mtu asiye na kitu tumboni kiduara hicho ni kidogo na kimejikunja, ukuta wake mnene una pete nyeusi ya misuli na kitovu cheupe katikati, kama shabaha ya mishale. Daktari wa usingizi alipokiona mara ya kwanza alinyamaza, akasogeza kiti karibu na skrini. "Kumbe kiko wazi hivi?" Kiko wazi. Miaka kumi na moja nimekuwa nikikipita njiani.

Unapima kipenyo cha mbele kwenda nyuma na kipenyo cha juu kwenda chini, unavizidisha, unazidisha kwa pai, unagawanya kwa nne. Unapata eneo la mkato kwa sentimita za mraba. Watafiti wa Italia walianza kulitumia eneo hilo kupima kasi ya mfuko wa chakula mwaka 1985. Baadaye Anahi Perlas na wenzake wa Toronto, Canada, walitengeneza kanuni ya kuligeuza kuwa mililita: 27, jumlisha eneo mara 14.6, toa umri mara 1.28, mgonjwa akiwa amelalia ubavu wa kulia. Tutaitumia hiyo.

Jumanne, wiki ya 2

Chai. Mtu wa kwanza ni muuguzi wa wodi ya wazazi, hajatia kitu mdomoni tangu saa tatu usiku. Amekunywa kikombe chake kwa dakika mbili, akalala ubavu, nikaweka jeli.

Antramu imefunguka. Ndani ni nyeusi, kama ilivyo kawaida ya maji kwenye ultrasaundi, na katika weusi huo vitone vyeupe vinaelea na kuzunguka. Ni viputo vya hewa aliyoimeza pamoja na chai. Wataalamu wa Ulaya na Marekani huifananisha picha hii na usiku wa nyota. Nilimgeuzia skrini aone. "Hiyo ni chai yangu?" Akaishika pembe ya skrini kwa mkono na kuendelea kuangalia.

Halafu likaja wimbi. Ukuta ulibonyea kutoka kushoto, ule mbonyeo ukasafiri kuelekea kwenye mlango wa kutokea, kiduara kikafumba hadi kikabaki tundu, vitone vikarushwa nyuma kwa nguvu, kisha kikafunguka tena. Nilihesabu kwa saa ya mkononi. Sekunde ishirini, wimbi jingine. Ishirini na moja, jingine. Mawimbi matatu kwa dakika, kama vitabu visemavyo. Mdundo huo unaanzishwa na seli maalumu zilizo katika ukuta wenyewe, zinazoitwa seli za Cajal kwa heshima ya Mhispania Santiago Ramón y Cajal. Usiku na mchana zinapiga, na mwenye tumbo hana habari. Tulikaa watu watatu kimya tukitazama mawimbi tisa yakipita, na ratiba ikasubiri.

Nimejifunza jambo: ukipima wimbi linapopita unapata namba ndogo ya uongo. Kuanzia leo tunapima kati ya wimbi na wimbi, mara tatu, tunachukua wastani.

Dakika ya 15, kiduara kimeshapungua. Dakika ya 60, kimerudi karibu na kilivyokuwa kabla ya kunywa. Hilo linakubaliana na wenzetu waliotumia MRI, mashine inayopiga picha kwa sumaku: katika kazi iliyochapishwa mwaka 2014, watu wazima wasiokula walikunywa mililita 240 za maji, na nusu ya maji yale ikawa imetoka tumboni kwa wastani wa dakika 13. Maji hayakai. Ndiyo sababu miongozo ya usingizi inaruhusu maji na chai ya rangi hadi masaa mawili kabla ya upasuaji.

Alhamisi, wiki ya 2

Uji mwepesi, na siku imeharibika.

Kijana wa maabara amekunywa, amelala, nimeweka probu. Hakuna kitu. Ukuta wa mbele unaonekana vizuri, halafu nyuma yake ni pazia jeupe, kama kioo cha bafuni. Ukuta wa nyuma haupo, aota haipo. Nikabadilisha pembe, nikaongeza jeli, nikashusha masafa. Bure. Wa pili, hivyohivyo.

Pazia hilo ninalijua kwa jina, hutokea mtu akitoka kula chakula kigumu, kwa sababu ya hewa iliyochanganyika na chakula wakati wa kutafuna. Lakini uji hautafunwi. Niliutafuta mzizi wa tatizo hadi mchana, nikaupata jikoni. Uji ulikuwa wa moto, na vijana wangu walikuwa wanaupooza kama tulivyofundishwa na mama zetu wote: kuumimina kutoka kikombe hiki kwenda kile, juu chini, juu chini, mpaka uvumilike. Kila mmiminiko unakamata hewa, na uji hauiachii kama maji yanavyoiachia. Tulikuwa tunawanywesha povu.

Dawa: uji unapozwa kwenye sufuria iliyokalishwa ndani ya beseni la maji baridi, unakorogwa polepole kwa mwiko, unaachwa dakika kumi utulie. Picha za leo zote zimefutwa kwenye hesabu.

Najiuliza hata hivyo: mgonjwa wetu wa kweli, kule nyumbani, ataupooza kwa vikombe viwili. Yeye ndiye nitakayetakiwa kumsoma siku ya upasuaji. Pazia jeupe lenyewe basi lihesabiwe kuwa jibu: ukiliona, kuna kitu ndani, usimpe dawa ya usingizi.

Jumapili, wiki ya 2

Nipo nyumbani, nasoma. Nataka kuandika humu jinsi watu walivyofika hapa, kwa sababu nimegundua kwamba kila njia iliyowahi kutumika kulitazama tumbo ilimgharimu mtu au mnyama kitu fulani, na hii yetu inagharimu jeli tu.

Mwaka 1822, katika kisiwa cha Mackinac huko Marekani, kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi katika biashara ya ngozi za wanyama, Alexis St. Martin, alipigwa risasi kwa bahati mbaya ubavuni. Alipona, lakini tundu la kuingia kwenye mfuko wake wa chakula halikuziba. Daktari wa jeshi aliyemtibu, William Beaumont, akaanza kumfanyia majaribio kupitia tundu hilo: alifunga vipande vya nyama na mkate kwa uzi wa hariri, akavitumbukiza, akavivuta baada ya muda kuona vimesagika kiasi gani. Kitabu chake cha mwaka 1833 kiliwathibitishia watu kwamba tumbo lina tindikali yake na linameng'enya kwa kemikali. St. Martin alimtoroka zaidi ya mara moja. Simlaumu.

Eksirei ilipogunduliwa mwaka 1895, haikupita hata miaka miwili kabla ya mwanafunzi wa udaktari wa Harvard, Walter Cannon, kuchanganya chakula na unga wa bismathi, ambao eksirei haiupenyi, na kumlisha bata bukini, kisha paka. Aliliona tumbo la paka likisaga kwa mawimbi, akayachora. Na akaona jambo ambalo hakulitafuta: paka akikasirika au akiogopa, mawimbi yanasimama kabisa. Akitulia, yanarudi. Nimesoma sentensi hiyo mara mbili, kisha nikawaandikia wenzangu ujumbe kwamba kuanzia kesho simu zote zinabaki nje ya chumba cha kipimo, na mtu aliyetoka zamu ngumu ya usiku asipimwe asubuhi hiyo.

Baada ya eksirei ikaja kamera ya gama. Mgonjwa anakula mayai yaliyochanganywa na teknesiamu kidogo, yaani kemikali inayotoa mionzi, pamoja na mkate na jamu, na kamera inahesabu mionzi inayobaki tumboni hadi masaa manne. Mpaka leo hicho ndicho kipimo kinachotegemewa zaidi hospitalini kwa chakula kigumu: kikibaki zaidi ya asilimia 10 baada ya masaa manne, tumbo linachelewa. Lakini kamera za namna hiyo hapa nchini zinahesabika kwa vidole, na teknesiamu hupungua nusu kila masaa sita, huwezi kuiweka stoo.

MRI ndiyo iliyonisaidia zaidi kwa swali la uji, ingawa sitaigusa. Peter Mansfield wa Nottingham, Uingereza, ambaye alipata tuzo ya Nobeli mwaka 2003, alivumbua njia ya kupata picha za MRI kwa kasi kubwa, na kasi hiyo iliwezesha chuo chake kupiga picha za tumbo linalotembea. Kazi mbili za Nottingham nimezinakili kwenye daftari.

Ya kwanza, mwaka 2001: waliwapa watu vinywaji vyepesi na vizito, vyenye kalori na visivyo na kalori. Kinywaji kizito kikifika tumboni kinamwagiwa maji ya tumbo na kulainishwa haraka. Kilichochelewesha tumbo zaidi ni kalori, kuliko uzito wa kinywaji. Utumbo mwembamba unaonja kinachoshuka na kulifungia tumbo breki, kiasi cha kilokalori mbili au tatu kwa dakika. Hapo uji mwepesi wetu wa kilokalori 170 unahitaji saa nzima au zaidi, hata kama kwenye kikombe unatiririka kama maji.

Ya pili ndiyo iliyonifanya niamke kwenye kiti. Walichukua kuku na mboga, wakawapa watu pamoja na bilauri ya maji. Siku nyingine walisaga kuku uleule, mboga zilezile na maji yaleyale, vikawa supu. MRI ikaonyesha kwamba kwenye mlo wa kwanza maji yanapenya na kutangulia, chakula kinabaki nyuma. Kwenye supu maji hayawezi kutangulia, yameshikwa, na tumbo linabaki limejaa muda mrefu zaidi. Ni mkasa wa ugali na uji! Unga mmoja, maji yaleyale. Ukila ugali ukashushia maji, maji yanakwenda zake. Ukinywa uji, maji na unga wameshikana mikono, hakuna anayetangulia. Kwa hiyo neno "kunywa" linatudanganya mara mbili: uji hauondoki kama maji, na maji yaliyomo ndani yake nayo hayaondoki kama maji.

Na kutoka Afrika kwenyewe, Bamako, Mali: mwaka 2018 ilichapishwa kazi iliyofanywa kwa kipimo cha pumzi, si kwa picha, watu 14 na vyakula vinane. Vyakula vya asili vya mtama na uwele vilichukua karibu mara mbili ya muda wa wali, viazi au tambi kutoka tumboni. Babu yangu alikuwa akisema ugali wa mtama "unamshika mtu". Alikuwa anazungumzia kitu kinachopimika.

Jumatano, wiki ya 3

Uji mwepesi bila povu. Picha safi. Ndani ya antramu uji unaonekana wa kijivu, una chembechembe ndogo sawasawa, kama mchanga mwembamba ndani ya maji. Chai ilikuwa nyeusi. Nikimwonyesha mtu picha hizi mbili pamoja, anajua ipi ni ipi bila kuambiwa.

Ijumaa, wiki ya 3

Kosa, na ni langu. Nilipokuwa nalinganisha picha za wiki hii, eneo la mtu mmoja lilikuwa linapanda dakika ya 45 baada ya kushuka dakika ya 30. Tumbo halijijazi lenyewe kiasi kile. Nikafungua picha moja baada ya nyingine. Dakika ya 30 mshipa ulio nyuma ya antramu ni aota, mnene, mviringo. Dakika ya 45 mshipa ni mwingine, ule mkubwa unaorudisha damu moyoni, umelala upande wa kulia. Nilikuwa nimeteleza sentimita chache kuelekea kulia, nikakata antramu mahali pengine. Watu wawili wanarudia siku nzima, na wamekubali bila kunung'unika, Mungu awabariki.

Kuanzia sasa picha isiyoonyesha aota haihesabiwi. Na kila picha inapimwa na watu wawili wasiooneshana namba zao.

Jumanne, wiki ya 4

Umeme ulikatika dakika ya 35, jenereta ikachukua nafasi, mashine ikawaka upya baada ya dakika nne. Tumepoteza kipimo kimoja. Saa nne kliniki ya wajawazito ilihitaji mashine na tukaitoa, ndivyo tulivyokubaliana tangu mwanzo: mama mwenye mimba hasubiri uji wetu. Tutafanya kazi saa moja hadi saa nne asubuhi tu.

Alhamisi, wiki ya 4

Leo zamu yangu ilikuwa kitandani. Daktari wa usingizi ndiye aliyeshika probu. Wiki tatu zilizopita hakuwa anaijua kongosho kwenye skrini. Leo aliipata antramu yangu kwa sekunde zisizozidi thelathini. Kwangu hayo ndiyo maendeleo makubwa ya mradi hadi sasa, maana siku ya siku yeye ndiye atakayekuwa na mgonjwa, mimi nitakuwa nimelala kwangu.

Naandika namba zangu mwenyewe, za tumbo moja. Nina miaka 34 na kilo 68.

Chai, dakika ya 60 (kipimo cha wiki iliyopita): milimita 20 kwa 26. Eneo sentimita za mraba 4.1. Kwa kanuni, mililita 43.

Uji mwepesi, leo, dakika ya 60: milimita 31 kwa 42. Eneo 10.2. Mililita 132.

Wataalamu wa usingizi huanza kuwa na wasiwasi maji ya tumboni yakizidi mililita 1.5 kwa kila kilo ya mwili, kwangu mimi 102. Kwa chai niko salama. Kwa uji, saa nzima baada ya kunywa, bado niko nje ya mstari, na zaidi ya hapo uji una unga, ambao hata kidogo ukiingia mapafuni ni balaa kuliko maji. Nami nilikuwa nimelala pale nikihisi tumbo tupu! Hakuna dalili yoyote niliyoisikia. Mgonjwa akisema "tumbo langu tupu", anasema anachokihisi, na anachokihisi hakitoshi.

Angalizo moja linanikera na lazima liingie kwenye andiko: kanuni ya Toronto ilijengwa kwa maji yasiyo na chembe. Haikujengwa kwa uji. Mililita 132 niichukue kama kadirio tu. Ninachoweza kukisimamia kwa uhakika ni eneo lenyewe, na ile rangi ya kijivu.

Jumatatu, wiki ya 5

Uji wa lishe. Nikiwa kitandani tena. Dakika ya 90: milimita 34 kwa 44, eneo 11.7, bado kijivu kizito, mawimbi yanapita kwa mdundo uleule. Karanga ina mafuta, na mafuta yakifika utumbo mwembamba ndiyo yanayofunga breki kuliko kitu kingine. Masaa mawili: kimepungua, chembe zipo. Masaa matatu: shabaha ya mishale imerudi. Wenzangu wawili waliokunywa siku hiyohiyo, mmoja alichelewa kuliko mimi, mmoja aliwahi. Watu hatufanani, na sita ni wachache mno kwa kutoa wastani. Sitaandika wastani.

Jumatano, wiki ya 5

Kikao na daktari wa usingizi na dada mkuu wa wodi ya upasuaji. Niliwaonyesha picha tatu bila maelezo: chai, uji mwepesi, uji wa lishe, zote dakika ya 60. Dada mkuu akauliza fomu ya maandalizi ya mgonjwa inasemaje. Tukaileta.

Inasema: "Usile chochote saa 6 kabla ya upasuaji. Maji ruhusa hadi saa 2."

Dada mkuu aliisoma kwa sauti, kisha akaiweka mezani. "Saa sita ipi?" akauliza. "Mgonjwa wangu akisoma hapa anajua ni usiku wa manane. Na hii saa mbili, anajua ni saa mbili asubuhi." Sote watatu tumeisambaza fomu hiyo kwa miaka. Ninaandika "masaa" humu kwenye shajara tangu mwanzo bila kufikiri, kwa sababu ndivyo tunavyosema tukitaka kuhesabu muda, lakini fomu iliandikwa Kiswahili cha darasani na ikawa inasema kitu kingine kabisa.

Hatusubiri utafiti mkubwa kwa hili. Fomu mpya haitakuwa na hesabu ya masaa. Muuguzi ataandika kwa kalamu saa yenyewe, kama mgonjwa anavyoisoma ukutani: mwisho wa kula na kunywa uji, maziwa, chai ya maziwa au togwa ni saa fulani usiku, mwisho wa maji na chai ya rangi ni saa fulani asubuhi. Na swali la mlangoni limebadilika. Sasa ni maswali mawili, moja likifuata jingine: mara ya mwisho umekula nini, saa ngapi? Mara ya mwisho umekunywa nini, saa ngapi?

Ijumaa, wiki ya 5

Fomu mpya zimepigwa chapa nakala mia moja. Daktari wa usingizi amezijaribu kwa wagonjwa wanne wa leo. Wa tatu, mzee wa henia, swali la kwanza alijibu hajala tangu jana jioni. Swali la pili alijibu, "Togwa, mwanangu. Alfajiri. Bilauri moja." Daktari akanipigia simu, nikaenda na mashine hadi kitandani kwake, nikampa shikamoo, nikaomba ruhusa ya kumgusa tumbo. Alilala ubavu wa kulia. Kijivu, chembe, wimbi kila sekunde ishirini. Mzee ameshushwa hadi wa mwisho kwenye orodha, saa nane mchana, na tumekubaliana nitarudi kumpiga picha nyingine saa saba na nusu.

Jumatatu: andiko la NIMR, sehemu ya njia. Kununua karanga. Kumwomba mama wa jikoni atufundishe togwa.